Tasnifu haiandikwi Machame mwezi wa Desemba

Haya nawaandikia wanafunzi wa uzamili wenye ajira, watoto wadogo na ukweni mbali. Vijana waliounganisha moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, wanaolala hosteli na kurudi kwa mama yao Krismasi kupikiwa, wana shida zao nyingine na wala sizidharau. Ila sisi wengine likizo kwetu si likizo. Ni kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, tena ile ya pili haina ratiba iliyobandikwa ukutani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro. Mwishoni mwa mwaka 2022 nilianza shahada ya uzamili ya elimu Dar es Salaam, kwa ruhusa ya masomo ya miaka miwili kutoka kwa mwajiri. Mume wangu na watoto wetu wawili walibaki Morogoro. Binti alikuwa darasa la pili, mdogo wake bado anabebwa mgongoni. Nikapanga chumba Msewe na mwanafunzi mwenzangu, na kila Ijumaa nikawa napanda basi Mbezi kurudi nyumbani, Jumapili jioni naondoka tena. Foleni ya Kibaha na Mlandizi walioipitia wanaijua. Kuna Ijumaa nilifika watoto wameshalala na Jumamosi yote nikawa nafua. Mdogo alipoanza kuongea vizuri aliniita mama wa Ijumaa. Watu wazima walicheka, nami nikacheka nao, halafu nikaenda kuoga muda mrefu kuliko kawaida.

Kwa hiyo Desemba 2023 niliingoja kwa hamu ya ajabu. Masomo ya darasani nilikuwa nimeyamaliza, kilichobaki ni pendekezo la utafiti ambalo idara ilitaka nilitetee mwishoni mwa Januari. Hesabu yangu ilikuwa hivi: tunakwenda Machame, Kilimanjaro, kwa wazazi wa mume wangu, kule kuna hewa nzuri, watoto watakuwa na bibi yao na binamu zao, mimi nitakaa kwenye kibaraza nimalizie sura ya pili. Mume aliafiki. Hakuna aliyemuuliza mama mkwe.

Asiyejua Desemba ya Uchagani nitamweleza kwa ufupi. Ukoo mzima unapanda mlima. Watoto wa nyumba wanatoka Dar, Arusha, Mwanza, wengine nje ya nchi, na kila mmoja anafika na watu wake. Mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, inapikwa siku kadhaa kabla, mtori, supu nzito ya ndizi, unakuwa jikoni tangu kabla hakujapambazuka. Ng'ombe wako zizini, hawaendi malishoni, kwa hiyo majani na vipande vya migomba vinawafuata walipo na kuna mtu lazima avilete. Jumapili ni kanisani, na baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao ambapo mkungu wa ndizi au jogoo anaweza kuuzwa kwa bei ya kuchekesha kwa sababu watu wa mjini wanashindana. Tarehe 26 au 27 kuna kikao cha familia. Katika yote hayo wake wa nyumba wana nafasi yao, na nafasi hiyo iko jikoni.

Mimi ni wa Muheza, Kimachame changu ni cha salamu na shukrani tu. Mke ambaye hajui lugha vizuri huonekana kwa mikono yake. Nikikaa kibarazani na kompyuta wakati wifi zangu wanamenya ndizi, hakuna atakayenisema mbele yangu. Mama mkwe alipita mara moja na ndoo ya maziwa, akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Mama Upendo, hivyo shule yenu haifungi?" Nikasema, "Inafunga Mama, ila hii ni ya kuandika mwenyewe." Akaitikia, "Haya mwanangu," akaendelea na safari yake. Baada ya dakika chache nilifunga kompyuta nikaenda jikoni, na sikuifungua tena hadi tulipoteremka mlimani.

Sitaki mtu aelewe kwamba namlaumu. Yule mama alikuwa ametungoja mwaka mzima. Alichokiona yeye ni mkwe aliyekuja kwake akakaa ameinamia kioo. Neno "uzamili" kwake lilikuwa ni shule, na shule ina likizo.

Hata bila wageni mambo yangekuwa magumu. Miezi ile nchi ilikuwa na mgao wa umeme, na mvua za El Niño zilikuwa zinapiga, zile zile zilizoleta maafa Hanang mwanzoni mwa mwezi huo. Umeme ukija usiku, soketi zilizopo zinagombewa na simu za watu wazima na vijana. Mtandao ulishika ukisimama karibu na zizi. Makala niliyokuwa nayaamini kwamba nitayasoma yalikuwa mtandaoni, sikuwa nimeyapakua. Hilo la kupakua ni jambo dogo, lakini kama unakwenda kijijini lifanye ukiwa bado kwenye mtandao wa chuo, maana majarida mengi hufunguka bure ukiwa chuoni na ukitoka nje unaombwa kulipia kwa dola.

Kuchelewa kwa pendekezo kulinigharimu zaidi ya nilivyodhani, na hapa wanaofanya utafiti mashuleni wasome kwa makini. Badala ya Januari nilitetea Machi. Miezi miwili tu, utasema. Lakini baada ya kutetea kuna masahihisho, kisha chuo kinakupa barua ya kibali, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha ndipo unamfikia mkuu wa shule. Kila ofisi ina muhuri wake na mtu wake wa kusaini, na mtu huyo yuko semina. Nilipokamilisha barua zote ilikuwa mwishoni mwa Mei. Shule zikafungwa likizo ya Juni. Utafiti wangu ulihusu utoro katika sekondari za kata, na huwezi kutafiti utoro wakati shule nzima haipo! Nikaanza kukusanya data Julai. Nikawa nakimbizana na kalenda, kwa sababu kuanzia Oktoba shule zinakuwa na upimaji wa kidato cha pili, Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne, na hakuna mkuu wa shule atakayekuachia wanafunzi wakati huo. Desemba hawapo kabisa. Ukitazama mwaka mzima, miezi ya kukaa na wanafunzi ni michache sana. Panga kurudi nyuma kutoka hapo, siyo kusonga mbele kutoka tarehe ya chuo.

Ila Desemba ile ilinipa kitu kimoja ambacho maktaba haikunipa. Tukiwa tunamenya ndizi, akina mama majirani waliokuja kusaidia walikuwa wanazungumza kuhusu watoto wanaokosa shule siku za soko la Kwa Sadala. Mmoja akasema wazi kwamba binti yake humsaidia kubeba mzigo siku hizo, na mwalimu anajua, na hakuna anayesema kitu. Nilikuwa nimesoma makala mengi kuhusu umbali wa shule, umaskini, mimba, viboko. Siku ya gulio sikuwa nimeiona popote. Maneno ya wale mama sikuweza kuyatumia kama data, maana sikuwa na kibali wala ridhaa yao, na kumnukuu mtu aliyekuwa anapiga soga jikoni kwako ni kumvunjia heshima. Lakini hakuna sheria inayokataza kubeba swali. Niliingiza siku ya gulio kwenye hojaji, na kule Mvomero, mkoani Morogoro, nilikofanyia utafiti ikawa sehemu kubwa ya sura ya nne, ile ya matokeo. Msimamizi wangu aliuliza wazo nimelitoa wapi. Nikamwambia jikoni. Akadhani natania.

Sasa fedha, kwa kuwa watu huandika uzoefu wao wakaruka hapa. Safari ya Desemba 2023 ilitumaliza karibu laki tisa kwa watu wanne. Humo kuna nauli ya kwenda na kurudi, mchango wetu wa mbuzi, sukari na mchele wa kupeleka, kitenge cha mama mkwe na shati la baba mkwe, sadaka, na vile vijisenti vya watoto wa ndugu ambavyo huwezi kuvihesabu wala kuvikwepa. Ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nao mshahara wenyewe ulishakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, deni la shahada ya kwanza, kabla haujanifikia. Kuwa mwanafunzi hakupunguzi mchango wako kwenye familia. Kwao wewe ni mfanyakazi wa serikali, na sasa umepanda hadhi kwa kuwa unasomea digrii ya pili, kwa hiyo huenda mchango ukaongezeka.

Tena mshahara wa Desemba kwa kawaida hutoka mapema ili watu wale sikukuu. Ukishaula, hadi wa Januari ni mbali mno, na katikati kuna sare, madaftari, mchango wa chakula shuleni, kodi ya chumba Dar na ada yako mwenyewe. Januari ile nilikopa kwenye kikoba cha walimu nikalipa hadi Mei. Mwaka uliofuata tulitenga hela ya shule mwezi wa Oktoba, tukaiweka kwa dada yangu Muheza ambaye ni mgumu kama jiwe. Hata ukimlilia hatoi.

Mambo mengi yalibadilika mwaka 2024. Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ilianza kati ya Dar na Morogoro mwezi wa Juni, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, na safari ikawa chini ya saa mbili. Kutoka chuoni hadi stesheni mjini bado ni foleni yake, wala si kwamba kila kitu kiliisha, lakini nilianza kufika nyumbani watoto wakiwa macho. Wakati huo tayari nilikuwa nashinda zaidi Morogoro kwa ajili ya data. Ruhusa yangu iliisha kabla tasnifu haijaisha, nikarudi darasani kufundisha na Dar nikawa nakwenda kumwona msimamizi tu.

Hapo ndipo Desemba ilipokuwa na thamani ya dhahabu. Mwalimu anayefundisha na kuandika tasnifu ana muda halisi mmoja tu, shule zikifungwa. Kutokwenda Machame tulilizungumza. Mume wangu alikuwa tayari kwenda na watoto peke yake, akasema atanieleza kwao. Nilifikiria, nikakataa. Watoto walikuwa wamenikosa miaka miwili, na ndoa ina mambo ambayo ukiyaruka mara moja yanakumbukwa miaka kumi. Tena nilishajua nini kinaweza kufanyika kule na nini hakiwezi.

Mwanzoni mwa Novemba nilimpigia simu mama mkwe mimi mwenyewe. Ushauri wa kwanza alionipa wifi yangu mkubwa ulikuwa huo: usimtume mume, maana mwanaume akimwombea mke ruhusa ya kutopika inasikika vibaya, hata kama ameisema vizuri. Nikamsalimia, nikauliza habari za ng'ombe na za kahawa, kisha nikamweleza.

"Mama, mwaka huu tutakuja tarehe 23. Ile kazi yangu ya shule inafika mwisho, nikiikosea naanza kulipa ada upya. Naomba kila asubuhi niwe nayo mpaka saa nne, halafu nakuja jikoni."

Akanyamaza kidogo. "Saa nne mtori umeshaliwa, mwanangu."

"Basi saa tatu, Mama."

"Saa mbili. Na jioni?"

"Kazi za jioni zote ni zangu, na vyombo ni vyangu."

"Haya. Kwa nini mwaka jana hukuniambia ni kazi ya ada?"

Mnaona? Alichotaka kujua ni uzito wa jambo, na uzito kwake ulikuwa kwenye ada. Nilikuwa nimemzungushia maneno ya sura na mapitio ya maandiko, mambo ambayo hata mume wangu huyasikiliza kwa adabu tu. Waelezeni watu wa nyumbani kwa lugha ya gharama na tarehe.

Wifi akakubali kushika chai ya asubuhi. Mimi nikaomba kitu kimoja zaidi, nisiwe katibu wa kikao cha familia, kazi ambayo hupewa mwalimu yeyote aliyeolewa pale bila kuulizwa. Hilo halikukubaliwa. Nimeandika muhtasari wa kikao miaka yote, ukiwemo huo.

Kazi yenyewe niliigawa kulingana na mahali. Shule zilipofungwa nilikaa Morogoro zaidi ya wiki mbili nikiandika, asubuhi hadi saa nane, watoto wakijua kwamba saa nane kompyuta inazimwa. Mume alinishikia hilo vizuri kuliko nilivyotegemea. Yanayohitaji umeme, mtandao na ukimya niliyamaliza huko: kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno, majedwali, marejeo. Machame nilibeba karatasi tu. Nilichapisha maandishi ya mahojiano, nikanunua kalamu za rangi nne, na kila alfajiri nikawa nasoma na kupigia mstari yanayofanana, dhamira moja rangi moja. Kazi hiyo haitaki soketi. Ukiitwa unaiacha, ukirudi unaikuta ilipo. Kabla ya kuchapisha niliondoa majina yote ya wanafunzi, walimu na shule nikaweka namba, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu siku ya pili nilimkuta binamu mmoja wa kidato cha tatu amekaa na kurasa zangu anasoma kwa sauti na wenzake wanasikiliza. Watu wale walizungumza nami kwa kuniamini. Nyumba yenye watu thelathini haina kabati la siri.

Sikuandika kila siku. Tarehe 25 sikujaribu hata, na siku moja baada ya mbege kwa jirani nililala mpaka jua likatoka. Lakini tulipoteremka mlimani mahojiano yote yalikuwa na rangi zake, na binti yangu alikuwa amejifunza kumenya ndizi za mtori bila kujikata, akikaa pembeni yangu jioni hizo nilizoahidi.

Kuhusu msimamizi: ulizeni mapema anaondoka lini. Naye ana kwao, naye ana mama anayemngoja. Rasimu ya sura za mwanzo nilimpelekea mwishoni mwa Novemba, ikalala kwake wakati mimi nakula sikukuu, akanirudishia katikati ya Januari ikiwa imejaa wino mwekundu. Mwenzangu mmoja alituma yake tarehe 20 Desemba kwa barua pepe yenye neno "haraka" kwenye kichwa. Alijibiwa Februari, kwa ufupi.

Tiketi kateni Novemba, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Watu hukazana na ya kupanda, wakasahau kwamba baada ya mwaka mpya mlima wote unateremka kwa siku chache, na mabasi ya ziada yanayopewa vibali vya muda hayatoshi. Ukibaki njia panda ya Machame na watoto na mkungu wa ndizi na galoni la maziwa, utalipa utakachoambiwa. Nakala ya kazi yako iwe kwenye fleshi isiyokaa begi moja na kompyuta, na nyingine ujitumie kwa barua pepe. Begi huibiwa zima.

Niliwasilisha tasnifu Machi 2025, nikasubiri watahini, nikafanya masahihisho. Mahafali ni Novemba. Chuo kinatoa kadi chache za wageni, na mama mkwe ameshatangaza anakuja na dada yake na jirani yule wa siku za soko, na kitambaa cha sare wameshakichagua, cha zambarau. Mume wangu anauliza kama yeye atapata kadi. Sijamjibu bado, kwanza nasubiri kusikia na mama yangu wa Muheza anakuja na wangapi.